NYUMBA YETU: Siku Kumi na Nne Nyuma ya Mlango Mmoja

Leo sitazungumza juu ya mapishi wala ushonaji. Nataka kuwasimulia habari ya nyumba yangu mwenyewe, ambayo kwa muda mrefu nilisita kuiandika, kwani ndani yake mna msiba, na tena mna jambo ambalo ndugu zangu wengine hawajalisahau.

Mume wangu ni askari polisi. Mwaka 2021 tulikuwa tukikaa Walukuba, hapa Jinja, katika nyumba ya vyumba viwili, sisi na watoto wetu watatu. Mtakumbuka jinsi mwezi wa Juni wa mwaka ule ulivyokuwa. Wimbi la pili la Korona lilikuwa limeingia nchini kwa ukali kuliko lile la kwanza, likichukuliwa na virusi vya aina ya Delta. Shule zilikuwa zimefungwa tena. Tangu tarehe 10 Juni safari za kutoka wilaya moja hadi nyingine zilikatazwa, na tarehe 18 Juni amri zikakazwa zaidi kwa siku 42: magari ya abiria yakasimama, amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja ya jioni, na mazishi yakaruhusiwa watu wasiozidi 20.

Amri hutolewa na wakubwa, lakini anayesimama barabarani kuitimiza ni askari. Mume wangu alipangwa kwenye kizuizi cha barabara iendayo Iganga. Jioni moja alirudi nyumbani, akakataa chakula. Nilipomwuliza, alisema ya kuwa siku ile amelirudisha gari lililochukua watu wa matanga, na ndani yake mlikuwa na mama mzee aliyekuwa akienda kumzika mwanawe. Yule mama hakumtukana. Alimtazama tu. "Afadhali angenitukana," mume wangu akasema.

Jumatatu ya tarehe 21 Juni alianza kukohoa. Hapa, ndugu msomaji, sharti niungame kosa letu. Kwa siku mbili tulificha. Yeye alisema ni vumbi la barabarani. Nami, niliyesomea ualimu na kuwafundisha watoto wa watu habari za usafi na magonjwa, nilikubali ya kuwa ni vumbi, kwa sababu niliogopa majirani watasema nini. Tulikula katika sinia moja, tulilala madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mbu, na mtoto mdogo alilala kifuani pa baba yake kama kawaida. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya tatu alipopanda homa, nilimlazimisha aende kupimwa. Jumamosi tarehe 26 majibu yakaja: anayo. Mhudumu wa afya akatueleza ya kuwa kwa kuwa anapumua vizuri atauguzwa nyumbani, na ya kuwa nyumba nzima isitoke kwa siku 14.

Kesho yake mimi nikashikwa na homa. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja akaniambia ya kuwa dagaa hawanuki tena. Ndipo nilipojua ya kuwa ugonjwa umekwisha kutuenea.

Sasa nitaeleza tulivyokaa, kwani wengi wenu mnaishi katika nyumba ndogo za kambini, na mtu akiwaambia "mtenge mgonjwa katika chumba chake" mnacheka. Sisi tulifanya hivi. Chumba cha kulala tuliwapa wagonjwa, na dirisha lake halikufungwa mchana wala usiku, chandarua kikatukinga na mbu. Watoto walilala sebuleni, nako dirisha likiwa wazi. Yule binti mkubwa, maadamu naye alikuwa mgonjwa, alihamia kwetu. Kila mgonjwa alikuwa na kikombe, sahani na kijiko chake, vikaoshwa kwa maji moto na sabuni. Aliyetoka chumbani alivaa barakoa. Mchana, jua likituruhusu, wagonjwa tulikaa nyuma ya nyumba uani, kwani ugonjwa huu husafiri hasa katika hewa ya pumzi, na hewa inayopita huupunguza nguvu. Mwenye chumba kimoja tu na aning'inize pazia, alaze mgonjwa karibu na dirisha, na wengine walale mbali naye kadiri iwezekanavyo. Hiyo si kinga kamili, lakini ni afadhali kuliko kukata tamaa.

Kuhusu dawa, tulishauriwa mengi. Wengine walituambia tujifukize majani yanayochemka chini ya blanketi. Mvuke huweza kumfariji mwenye mafua, lakini hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka katika chumba chenye mtoto ni hatari kubwa. Mwishoni mwa mwezi ule dawa ya mitishamba ya Covidex, iliyotengenezwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, iliidhinishwa, watu wakaikimbilia. Lakini iliidhinishwa kuwa msaada kwa mgonjwa, si tiba ya kumaliza ugonjwa. Sisi tulitumia vidonge vya kuteremsha homa, maji mengi, uji, na kupumzika. Mhudumu alituazima kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni, akatuonya ya kuwa kikishuka chini ya 94 tumwite. Hata asiye na kifaa hicho anaweza kuziona dalili za hatari: mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akiumwa kifua bila kukoma, midomo yake ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, asingojewe mpaka asubuhi.

Chakula kilikuwa taabu. Mshahara ulikuwapo, lakini nani angekwenda sokoni? Siku ya kwanza jirani yetu mmoja aliwavuta wanawe ndani alipotuona, nami nikaumia moyoni. Siku ya tatu niligongewa mlango, na nilipofungua sikuona mtu, ila kikapu chenye matoke, nyanya na samaki, na makaa ya sigiri katika mfuko. Alikuwa ni yule yule jirani. Tangu siku ile nilimpelekea fedha kwa simu, naye akatununulia na kuweka mlangoni. Kumbe kumwogopa mgonjwa na kumsaidia vyaweza kukaa katika moyo mmoja. Tusiwe wepesi wa kuhukumu.

Watoto niliwapangia ratiba ya shule, niliyoibandika ukutani: hesabu asubuhi, kusoma baada ya chai, kazi za mikono jioni. Nilipolala kwa homa, binti yangu aliwafundisha wadogo zake akiwa mlangoni, barakoa usoni, kwa sauti yangu na hata kwa ukali wangu. Sikujua wakati ule ya kuwa shule za nchi yetu hazingefunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Nafika sasa penye uzito. Alhamisi ya tarehe 1 Julai, siku ya sita ya karantini yetu, kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Mbale alfajiri. Baba yetu amefariki. Hakufa kwa Korona. Kisukari kilikuwa kimemdhoofisha kwa miaka mingi. Atazikwa kesho, nyumbani, chini ya mlima Wanale. "Mtafika saa ngapi?" kaka akauliza.

Nilimjibu ya kuwa sisi ni wagonjwa na tumefungiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mumeo ni polisi. Nani atamzuia?"

Maneno yale yaliingia mwilini kama homa ya pili. Kwani yalikuwa kweli. Rafiki mmoja wa mume wangu, aliyesikia msiba, alipiga simu saa nne akatueleza ya kuwa kuna lori la mizigo linalokwenda Mbale usiku, na ya kuwa mtu mwenye sare hatasumbuliwa njiani. Nilijisikia nafuu kidogo siku ile. Nilisimama, nikaanza kukunja kitenge changu cheusi. Mimi ni binti wa kwanza wa baba yangu. Kwetu, mtoto asiyetupa udongo katika kaburi la mzazi wake huulizwa habari hiyo mpaka uzeeni.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, amekonda, bado anakohoa. Alisema polepole, "Mama watoto, lori lile litapita kizuizini petu. Kijana aliyeshika zamu yangu ataniona, atanipigia saluti, atanipitisha. Na yule mama mzee niliyemrudisha, nitamwambia nini?"

Nilimjibu kwa hasira ya kuwa yule mama simjui, na aliyekufa ni baba yangu. Hakunikaripia. Akasema, "Ni kweli. Lakini huko kuna mama yako, ana miaka zaidi ya sabini, na pumzi yetu ndiyo zawadi tutakayompelekea. Ukiamua kwenda, sitakufunga kamba. Lakini mimi sitakwenda."

Nililia mpaka adhuhuri. Kisha nilimpigia kaka nikamwambia ya kuwa hatutakuja. Alikata simu bila kuniaga.

Ijumaa saa nane tulikusanyika uani, tumevaa barakoa, mbali mbali kidogo, tukiitazama simu niliyoisimamisha juu ya kinu. Mpwa wangu aliishika ya kwake kule Mbale. Niliona migomba ya nyumbani, niliona jeneza, niliona mama yangu ameketi chini. Sauti ilikuwa ikikatika. Walipoanza kutupa udongo, picha ikaganda, kisha ikapotea. Mume wangu akainama, akachota udongo wa uani pale Walukuba, akaniwekea mkononi. Niliutupa chini. Ndivyo nilivyomzika baba yangu.

Tarehe 10 Julai karantini yetu ikaisha, sote watano tukiwa hai. Mwishoni mwa mwezi huo amri zikalegezwa, na mwezi wa Agosti tulisafiri. Tulipita Iganga na Namutumba, tukauvuka mto Mpologoma, tukapita Budaka, mpaka ule mlima ulipoonekana mbele yetu, nami nikashindwa kujizuia. Mama alitupikia malewa kwa njugu. Kaka yangu alikula, hakusema neno. Hatimaye akasema mbele ya wote ya kuwa mwaka ule mtu wa serikali aliwazuia wengine kwa amri, na sisi tulijizuia wenyewe, naye hajui lipi ni gumu kulisamehe.

Mama ndiye aliyemjibu. "Wangekuja siku ile," alisema, "pengine leo wangekuja tena kunizika mimi." Akamwongoza mume wangu kaburini, wakasimama pale kitambo. Kaka yangu hakutufuata. Tangu hapo tumesalimiana, tumetembeleana, lakini kidonda hakijafunga chote, wala sitawadanganya ya kuwa kimefunga. Kutenda lililo sawa hakuondoi gharama yake.

Kwa nini nayaandika haya leo, ikiwa Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 ya kuwa hali ya dharura ya Korona imekwisha? Kwa sababu maradhi ya kuambukiza hayajatuaga. Ebola iliyotangazwa Mubende mwezi wa Septemba 2022 ilifika hapa Jinja mwezi wa Novemba. Mwezi wa Januari 2025 ikatangazwa tena, kwa mwuguzi wa Kampala ambaye kabla ya kufa alikuwa ametafuta matibabu hata Mbale. Mara zote mbili kulikuwa na watu waliotakiwa kujitenga kwa siku 21. Mnapaswa kujua tofauti yake: mgonjwa wa Korona aliye na nafuu aliweza kuuguzwa nyumbani, bali mgonjwa wa Ebola hauguzwi nyumbani kabisa, wala maiti yake haioshwi na jamaa; huachiwa wenye mafunzo na mavazi ya kujikinga. Lakini ukweli na subira vinavyotakiwa kwa mwenye nyumba ni vile vile.

Basi yafaa kila nyumba ijiweke tayari kabla siku mbaya haijafika. Kwanza, chukueni chanjo mnapoitiwa. Mume wangu alikuwa amechanjwa mara moja, akingoja ya pili, na naamini hata hiyo moja ilimsaidia. Pili, wekeni akiba ya unga, maharagwe, sabuni na makaa ya kutosha majuma mawili, hata kwa kuongeza kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Tatu, patana na jirani mmoja leo, mkiwa wazima, nani atamfanyia mwenzake sokoni. Nne, mkikohoa, semeni siku ya kwanza, msingoje ya tatu. Na tano, zungumzeni na wazee wenu mapema, kwa heshima, juu ya itakavyokuwa kama msiba utawakuta mkiwa mmetengana. Laiti mimi ningalizungumza na kaka yangu kabla, pengine asingalikata simu.

Na kwenu askari mnaosimama barabarani: jueni ya kuwa nyumba zenu zinajua uzito mnaoubeba. Mkimrudisha mtu, mrudisheni kwa upole. Huenda kesho mkawa ninyi.

Mpaka juma lijalo, fungueni madirisha, na mlale salama.