Sarafu Inayogeuka Tofali

Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha upumuaji wa seli Kidato cha Tano. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba ATP ni sarafu ya nishati, wanafunzi wakanakili, nikafuta. Wiki mbili baadaye tukafika kwenye RNA. Nikachora nukleotidi: besi, sukari, fosfeti. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, hii yenye adenini si ndiyo ile ATP ya juzi?" Nikamjibu kuwa hiyo ni mada nyingine, tuendelee.

Jamani, ilikuwa ile ile!

ATP ni adenini, sukari ya ribosi na fosfeti 3. Seli inapotengeneza RNA huchukua ATP hiyo hiyo, fosfeti 2 zinakatwa, kinachobaki kinaungwa kwenye mnyororo kama herufi A. Nishati ya kuunga inatokana na kukatwa huko. Yaani tofali linafika saiti na nauli yake mkononi. Kwa DNA mambo ni karibu hayo hayo, ila sukari imepungukiwa atomu 1 ya oksijeni. Herufi nyingine nazo hazijakaa bure: UTP hutumika kuiandaa glukosi ya ugali wetu wa kafeteria ili ini liihifadhi kama glikojeni, na GTP hulipia kazi ya kuunda protini. Sasa sarafu gani hiyo unayoweza kujengea ukuta?

Mimi mada hizi zote mbili nilizifaulu vizuri tu. Nilikuwa nazo kwenye madaftari mawili tofauti, na hakuna mtihani ulionidai niyafungue pamoja. Hapa chuoni tunakesha na maandalio ya somo na azimio la kazi, lakini kwenye mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe tunaulizana maswali ya kubebana, yale ambayo majibu yake yapo ubaoni. Napendekeza tuache. Anayekaa nyuma apewe kazi moja: aulize swali linalotoka mada nyingine, na alama zitolewe kwa jinsi mwenzetu atakavyolipokea.

Najua, mtasema silabasi ni ndefu. Ni kweli. Ila nilikuwa na dakika 80 siku ile, na jibu lake lingekula 3.

Yule binti sasa yuko Kidato cha Sita. Nimempigia mwalimu wake wa somo, nimemwomba amwambie kwamba alikuwa sahihi.