Cha Mvunguni: Mwanafunzi na Kiini cha Kompyuta

Miongoni mwa mambo yafundishwayo katika shule zetu za sekondari juu ya kompyuta, kuna sura moja ambayo wanafunzi huikariri vema na kuielewa kidogo sana. Ni sura ihusuyo mfumo endeshi. Mwanafunzi huandika katika daftari lake kwamba mfumo endeshi hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu, hutunza mafaili, na huongoza vyombo kama kibodi na kichapishi. Siku ya mtihani huyataja majukumu hayo moja baada ya jingine, naye hupewa alama zake. Lakini ukimwuliza ni kwa njia gani zamu hizo hupangwa, na itakuwaje iwapo programu moja itakataa kumwachia mwenziwe, atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mizimu.

Makala haya yana shabaha ya kutetea rai moja: kwamba kiini cha mfumo endeshi si elimu ya siri iliyowekewa wahandisi wa nchi za mbali, wala si somo la kungojea chuo kikuu. Mwanafunzi wa sekondari ajuaye kuandika programu ndogo, tena mwenye subira, aweza kuanza kukijua sasa. Ila hana budi kuanza na kiini kilicho kidogo, akisome chote, ndipo akibadilishe. Aanzaye na kikubwa, au aanzaye kujenga kabla ya kusoma, aghalabu huchoka njiani.

Yafaa kwanza tueleze kiini ni kitu gani. Fikiri juu ya kisima cha kijiji chenye kamba moja na ndoo moja, na wachotaji ishirini wamekizunguka. Katika kompyuta, kamba ni prosesa, na wachotaji ni programu. Hata mashine iliyo na prosesa kadhaa huwa na programu nyingi kuliko kamba. Lazima basi pawepo msimamizi wa kusema, "Sasa ni zamu ya fulani." Msimamizi huyo ndiye kiini.

Lakini hapa pana tatizo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita bila kulitaja. Kiini nacho ni programu. Programu haiwezi kufanya lolote isipokuwa imeishika prosesa. Ikiwa mchotaji mmoja ameing'ang'ania kamba, msimamizi asiye na kamba atatoaje amri? Jibu ni kwamba ndani ya mashine mna saa, nayo hupiga mara nyingi kwa sekunde, kwa mfano mara 100. Kila ipigapo, prosesa hulazimika kuiacha programu iliyokuwa ikiendelea na kurukia mahali maalumu katika kumbukumbu, mahali ambapo kiini kilikwisha kuweka amri zake tangu mashine ilipowashwa. Kiini huandika pembeni mahali ilipofikia programu ile, humpa mwingine zamu, na baadaye humrudishia wa kwanza nafasi yake, naye asijue kwamba aliwahi kuondolewa.

Aidha, prosesa za kompyuta nyingi za leo zina hali mbili za kufanya kazi, ambazo twaweza kuziita hali ya mamlaka na hali ya raia. Programu za kawaida huendeshwa katika hali ya raia, ambamo haziruhusiwi kugusa diski wala kuingilia kumbukumbu ya jirani. Zikitaka kusoma faili, hazina budi kupeleka ombi kwa kiini, ambacho peke yake hufanya kazi katika hali ya mamlaka. Saa, hali mbili, na mlango wa maombi: aliyeyafahamu mambo haya matatu ameshika ufunguo wa majukumu yote aliyoyakariri katika daftari lake.

Je, elimu hii yaweza kupatikana kwa mwanafunzi wa kawaida? Historia yenyewe yatoa jibu. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson aliandika mfumo wa kwanza wa Unix kwa mashine iliyoitwa PDP-7, ambayo hata wakati ule ilikuwa imekwisha kuchakaa na kupitwa. Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie. Huko Australia, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliona kwamba kiini cha toleo la sita kilikuwa na mistari ipatayo 9,000 tu. Akakichapa chote, akaandika maelezo ya kila sehemu, na kuyatumia kuwafundishia wanafunzi wake katika miaka ya 1976 na 1977.

Ukiweka mistari 50 katika ukurasa mmoja, mistari 9,000 haizidi kurasa 180. Hicho ni kitabu cha kiasi cha riwaya, ambacho mtu mmoja aweza kukimaliza na kuwa na picha yake nzima kichwani.

Lakini mlango huo haukuachwa wazi kwa muda mrefu. Leseni ya toleo la saba, mwaka 1979, ilikataza kiini cha Unix kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikawa kitu cha kunakiliwa kwa siri na kupokezanwa mkono kwa mkono, hadi kilipochapishwa hadharani mwaka 1996. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, alipoona hana tena cha kuwafundishia wanafunzi wake, aliandika mfumo wake mdogo, Minix, na kuutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu kilichochapisha mistari yake.

Mmoja wa waliokisoma kitabu hicho alikuwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 21, alitaka kuzielewa zamu za programu. Akaandika kazi mbili ndogo kabisa: moja ilichapa herufi A bila kukoma, na ya pili herufi B. Saa ya mashine ilipopiga, zamu zilibadilishana, na katika kioo zikaonekana A nyingi, kisha B nyingi, kisha A tena. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Linux. Toleo lake la kwanza, la Septemba 1991, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Leo kiini hicho kina mistari zaidi ya milioni 30, na kimo ndani ya simu zote za Android, zikiwamo zile zilizomo mifukoni mwa walimu na wanafunzi wasomao makala haya.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Kazi ile ya A na B ndiyo iliyokuwa lele ya ngoma ichezwayo sasa ulimwenguni kote. Lakini tusiupotoe mfano huu. Wako vijana ambao, baada ya kusikia habari za Torvalds, hujitosa kuunda mfumo wao wenyewe kwa fahari. Siku ya kwanza huupa jina, siku ya pili huuchorea nembo, siku ya tatu hupanga rangi za madirisha yake, ilhali bado haujaweza kupokea herufi moja kutoka katika kibodi. Husahau kwamba kabla ya Torvalds kuandika alisoma, na alichokisoma kilikuwa kidogo kiasi cha kusomeka.

Wako wengine wakosao kwa upande wa pili. Husema, "Madhali Linux iko wazi kwa kila mtu, nitaanza na Linux yenyewe." Tufanye hesabu. Mistari milioni 30, kwa mistari 50 kila ukurasa, ni kurasa 600,000. Msomaji wa kurasa 100 kila siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, angehitaji siku 6,000, yaani zaidi ya miaka 16. Hata mabingwa wa Linux hawakisomi chote. Kila mmoja hushika sehemu yake. Mwanafunzi atupwaye humo hujiona mpumbavu, kumbe kosa ni la njia aliyoichagua.

Njia iliyo bora ipo. Mwaka 2006 walimu wa chuo cha MIT huko Marekani waliiandika upya Unix ile ya toleo la sita kwa ajili ya mafunzo, wakaiita xv6. Kiini chake kina mistari pungufu ya 10,000, hutolewa bure pamoja na kitabu cha maelezo, na hakuna leseni imzuiayo mwalimu kuifundisha. Kile alichonyang'anywa Lions darasani mwaka 1979, mwalimu wa leo amewekewa mezani.

Napendekeza hatua tatu kwa vilabu vya sayansi vya shule zetu. Ya kwanza ni kujifunza lugha ya C kwa makini, hasa habari za viashiria, yaani namba zionyeshazo mahali kitu kilipo katika kumbukumbu, pamoja na hesabu za kizio cha 2 na cha 16. Asiyeijua hatua hii asivuke, maana kila ukurasa wa kiini umejaa viashiria.

Ya pili ni zoezi la baiti 512. Kompyuta za mezani za mtindo wa zamani, ziwashwapo, husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Baiti mbili za mwisho zikiwa ni 55 na AA kwa hesabu za kizio cha 16, mashine hukubali kwamba hiyo ni programu ya kuanzia, na kuirukia. Hakuna Windows, hakuna Linux. Kuna mwanafunzi na mashine. Katika hali hiyo ya zamani, kioo cha maandishi nacho ni sehemu ya kumbukumbu tu: safu 25 zenye herufi 80 kila moja, na kila herufi ina baiti moja ya umbo lake na moja ya rangi yake, jumla baiti 4,000. Mwanafunzi akiandika namba 65 mahali panapohusika, ataona A ikitokea. Siku hiyo hatafikiri tena kwamba kompyuta ina uchawi.

Ya tatu ni kusoma xv6, kurasa tano au sita kila juma, na kila sura iishie kwa badiliko moja dogo: kuongeza ombi jipya la kiini, au kubadili utaratibu wa zamu na kutazama kinachotokea. Mistari hiyo yote haizidi kurasa 200, hivyo mwaka mmoja wa shule watosha.

Kazi hizi zisifanywe kamwe juu ya diski yenye mafaili ya shule. Ipo programu ya bure iitwayo QEMU, iliyoandikwa na Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003, ambayo huiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Mashine hiyo ya kuigwa yaweza kufa mara mia kwa siku bila hasara yoyote. Itakufa hasa, kwa kuwa kosa la kiini halina msimamizi wa kuliokoa. Lakini kila kifo chake ni swali, na kulitafutia jibu ndiko kujifunza kwenyewe.

Najua walimu watauliza: wakati tutautoa wapi, na mtihani hauulizi mambo haya? Hoja hiyo ni ya haki, wala siwezi kusema kwamba darasa zima lifanye kazi hii. Darasa lenye wanafunzi wengi na mashine chache lina shida zake za kutosha. Nasema klabu, na huenda klabu yenyewe ikawa ya wanafunzi watano, na kompyuta moja kuukuu iliyoondolewa ofisini. Programu zote hizo zaweza kupakuliwa mara moja tu, zikapelekwa shule kwa shule katika diski ndogo ya mkononi. Nao wanafunzi hao watano, wakirudi darasani, wataweza kuwaonyesha wenzao zile A na B zikipokezana katika kioo. Sura iliyokuwa orodha ya kukariri itakuwa jambo lililoonwa kwa macho.

Kuna pia wasemao kwamba nchi zetu zahitaji watumiaji wa kompyuta, si waundaji wa viini. Rai hiyo ni ya hatari kuliko ionekanavyo. Simu, benki, hospitali na ofisi zetu zote sasa zaegemea viini vilivyoandikwa na wengine. Si aibu kutumia kazi ya wengine, maana Linux yenyewe ni kazi ya maelfu ya watu wa mataifa mengi. Aibu ni kwamba kazi hiyo i wazi kwa wote kuisoma, nasi tukae miongoni mwa wasioisoma. Kiini kikiwa na kasoro, ajuaye kukisoma hutafuta kasoro na kuirekebisha; asiyejua hungoja kuletewa, na hulipa.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kiini kiko mvunguni mwa kila programu tuitumiayo, na kukifikia kwahitaji kuinama: kuhesabu baiti, kufuata viashiria, kusoma ukurasa uleule mara tatu. Wanafunzi wetu hawakosi akili ya kuinama hivyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kitu hicho kipo, kwamba chafikika, na kwamba kianze kusomwa kutoka ukurasa wa kwanza wa kitabu kidogo. Mwalimu hahitaji kuwa bingwa ndipo aseme maneno hayo. Yatosha awe tayari kusoma pamoja nao.