Hodhi la Hoteli, Mtungi wa Nani?

Wahenga walinena, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nakubaliana nao. Lakini ndugu msomaji, si kila kinachookotwa njiani kinafaa nyumbani.

Mwaka jana baba alialikwa harusini mjini Eldoret, akalala hotelini usiku mmoja tu. Aliporudi hapa Ziwa, hatukupumzika! Kutwa kucha ni habari za bafu: vigae vinavyong'aa kama kioo, na hodhi, lile beseni kubwa ambalo mtu mzima hulala ndani akaoga kama mfalme. Akaapa kwamba mahindi yakiuzwa, nasi tutajenga bafu kama lile.

"Baba, samahani," nikamuuliza, "maji ya kujaza hodhi yatatoka wapi?"

"Si wewe upo?" akanijibu.

Wenzangu, hebu tupige hesabu. Hodhi la lita 140 ni mitungi 7 ya lita 20. Kisima chetu kiko chini mteremkoni. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kabla sijashika njia ya shule huwa nimeshapanda na mitungi miwili. Saba ili mtu mmoja aoge? Vitabu nitavisoma saa ngapi?

Na vigae je? Nyanya yangu hutembea kwa mkongojo. Mwezi wa Aprili aliteleza bafuni mwetu, kwenye saruji laini ambapo maji ya sabuni hutuama, akavunjika mkono. Kama saruji ilimwangusha, hicho kioo kitamfanya nini?

Sisemi kwamba kuiga ni kosa. La hasha! Mimi pia nimelala ugenini. Chama chetu kilipozuru Lamu, mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, tulilala katika nyumba ya mawe ya zamani iliyogeuzwa kuwa ya wageni. Bafuni niliona birika. Si birika la chai, jamani! Ni tangi dogo lililojengwa kwa mawe na chokaa kando ya ukuta. Unachota kwa kata, unajimwagia, basi. Zamani watu wa huko waliweka samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Ukutani mlikuwa na vidaka, yaani vishimo vilivyochongwa ukutani vya kuwekea vitu. Sabuni yangu ilikaa humo bila kuanguka hata mara moja. Kumbe hapo hoteli ndiyo iliyoiga nyumba!

Kwa maoni yangu, tubebe kutoka hotelini vitu vinavyomfaa anayeoga bila kumwumiza anayechota. Kwanza, sakafu iwe na mkwaruzo, na iinamie tundu la maji ili yasituame. Pili, kidaka cha sabuni, na misumari ya kutundikia nguo. Kwetu nguo huwekwa juu ya mlango wa mabati, na upepo ukivuma zinaishia matopeni. Tatu, bomba la chuma ukutani ambalo nyanya atalishika. Nne, gata na tangi. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 50 huleta lita 500. Hiyo ni mitungi 25 ambayo hakuna mtoto aliyeibeba! Nayo baridi ya Ziwa mnaijua, kwa hivyo sufuria ya maji moto itabaki palepale jikoni.

Mambo haya yote hayahitaji utajiri. Yanahitaji mtu aangalie vizuri alikolala, kisha akumbuke nani anaishi kwake.

Basi wenzangu, mkienda michezo au tamasha za muziki mkalala ugenini, msishangae taa na vioo tu. Chungulieni maji yanakopitia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Fundi anakuja Desemba. Baba amekubali sakafu ya mkwaruzo na lile bomba la nyanya. Kuhusu hodhi, bado anasema, "Tutaona." Nami nasema, yeyote atakayelitaka hodhi, na aanze kwa kushika mtungi.