Taa Hazichezi Gemu, Wadau!

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina tunaliweka kapuni, majuzi kaposti kompyuta yake ya gemu. Kesi ya kioo, feni zinawaka rangi zote, chumba kizima kama klabu usiku wa Ijumaa. Komenti zikajaa moto na makopakopa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: ndani kuna nini?

Sasa staa siyo shida yangu. Yeye hela anayo, au kapewa ile mashine aiposti. Shida yangu ni dogo mmoja wa chuo, naye jina kapuni, maana mama yake anapitaga humu. Dogo kajibana kwenye boom, kala mihogo muhula mzima, mpaka akafikisha laki 8. Kachoka kulipia kwa saa kwenye banda la gemu. Alitaka acheze kwake, akiiva aanze kurusha laivu, apate hata hela ya vocha. Akaingia Kariakoo peke yake, ile posti ya staa ikiwa kwenye simu kama ramani.

Akatoka na kesi ya kioo, feni 6 za taa, pawa saplai ya bei ya kutupa, na kadi ya grafiksi "kali" aliyouziwa na mtu mwenye maneno matamu. Wiki ya pili umeme ukakatika, ukarudi. Pah! Harufu ya kuungua chumba kizima, mazabodi kwisha habari. Fundi alipoipima ile kadi, kumbe ni ya zamani iliyobadilishwa jina. Mihogo ya muhula mzima imeishia kwenye taa, na taa zenyewe haziwaki.

Ndiyo maana nasema bila kupepesa macho: kama hela yako ni ya kuokoteza, nunua kinachofanya kazi. Kinachoonekana kisubiri.

Anza na kadi ya grafiksi, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu. Fungu kubwa kuliko yote liende hapo. Kwa skrini ya kawaida ya 1080p huhitaji kadi ya bei ya kiwanja. GTX 1650 ya mtumba, iliyotoka 2019, bado inakuchezesha GTA V na Valorant vizuri tu. Ila usilipe kabla hujaiona ikiwashwa. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, iweke kwenye flashi uende nayo dukani. Kadi nyingi za kuchakachua inazitambua na kuziandika wazi kwamba ni feki. Na ukionyeshwa GTX 1050 Ti yenye lile tundu la buluu la VGA, shtuka. Muuzaji akikataa isipimwe, jibu ushapata, sepa.

Ya pili ni pawa saplai. Hii watu wanaidharau kwa sababu haina cha kuringishia, lakini ndiyo inayolisha mashine nzima, na ikiwa mbovu inaweza kufa na wenzake. Wati 600 zilizoandikwa kwenye boksi la kampuni isiyojulikana ni maneno tu. Bora wati 450 za kampuni yenye jina na dhamana. Halafu kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka, chomeka mashine kwenye stabilaiza au UPS, siyo moja kwa moja ukutani.

Ya tatu, soma herufi. Ryzen 5 5600G ina grafiksi yake ndani, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi ukacheza gemu nyepesi huku unadunduliza. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina. Kwa Intel, ukiona F mwishoni, kama i3-12100F, nayo haina. Bila kadi, skrini yako itabaki nyeusi na utamtukana fundi bure. Ukiamua kutegemea grafiksi ya ndani, chukua RAM mbili za GB 8, usichukue moja ya 16. Zikifanya kazi pamoja gemu inakimbia zaidi.

Na kama hela haifiki huko kote, usione aibu kununua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Chukua yenye umbo kubwa la kusimama, maana zile nyembamba zinataka kadi fupi. Nyingi pawa saplai zake hazina waya wa kulishia kadi, ndiyo maana GTX 1650 inapendwa: matoleo yake mengi yanakula umeme wa mazabodi peke yake. Hakikisha yako ni ya hivyo. Ongeza SSD, mchezo umeisha. Sura ni ya mapokezi ya benki, lakini gemu linakimbia.

Najua kuna watakaosema, si anunue PS4 yaishe? Sawa, kama unataka kucheza tu. Lakini kompyuta ndiyo hiyo hiyo atakayoandikia ripoti ya chuo na kueditia video zake, na mwakani atabadilisha kifaa kimoja bila kuuza mashine nzima.

Mimi sina ugomvi na taa. Nazipenda! Ila zije mwisho, kwa hela ya ziada. Na nyie mastaa wetu, mkiposti mashine, andikeni basi na vilivyomo ndani. Kuna mtoto wa mtu anawafuata kwa hela ya mihogo.

Dogo boom linaingia tena karibuni. Safari hii tunaenda wote. Wewe ungemwambia aanze na kipi? Dondosha hapo chini, anasoma.