Nyaya za Pikipiki ya Marehemu



Juma hili tumeiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa tumeiahidi, kwa sababu ya barua iliyotufika kutoka Makindu. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa pwani aliyeolewa huko bara, na mumewe, Allah amrehemu, alikuwa mwalimu wa Qur'ani. Marehemu aliacha watoto watatu na pikipiki kuukuu aina ya Honda CG125, ile ya zamani yenye umeme wa volti 6, ambayo alikuwa akiipanda kwenda kusomesha Kibwezi na kurejea baada ya Isha. Sasa mwanawe mkubwa ametimiza miaka kumi na tisa, na ndiye anayeipanda. Injini ni nzima. Kinachomkosesha mama usingizi ni taa: ya mbele hufifia mithili ya kibatari, ya nyuma huungua kila baada ya siku chache, na honi hulia ipendapo yenyewe. Mafundi watatu wametoa hukumu tatu. Mmoja ataka kubadilisha nyaya zote, wa pili ataka betri mpya, wa tatu asema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama anatuuliza afuate kauli ya nani.

Mwenye kuijua Makindu atafahamu kwa nini barua hii haikuweza kungoja zamu yake. Mji ule umekaa juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na umekuwa kituo cha wasafiri tangu reli ilipopita hapo mwishoni mwa karne ya 19. Hekalu la Masingasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 hadi leo humlisha msafiri bila ya kumwuliza dini yake wala kumdai fedha. Usiku kucha malori ya makontena yatokayo bandarini hupita yakielekea Nairobi, Uganda na mbele zaidi. Katika barabara hiyo, pikipiki isiyo na taa ya nyuma huonekana pale tu lori linapokuwa limekwisha kuifikia. Kwa hivyo kauli yetu ya kwanza kwa mama ni kwamba hadi taa ya nyuma iwe madhubuti, kijana asitoke na pikipiki ile baada ya Magharibi, hata kama safari ni ya darsa.

Kauli ya pili ni kwamba asinunue kitu bado. Pikipiki ile ni mirathi, na mpaka itakapogawanywa ina wenyewe: mama ana thumni yake, na kilichobaki, ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Wawili katika watoto hao, kwa maelezo ya barua, hawajabaleghe. Hao ni mayatima, na fedha itakayotoka katika fungu lao kwa ajili ya kitu kisichohitajika ni fedha iliyoliwa pasi na haki, hata ikiwa aliyeila ni duka la vipuri. Kuiuza kwa bei ya chuma hali injini yake ni nzima nako ni kuwapunja. Basi ugonjwa na ujulikane kwanza.

Tulipokuwa vijana wa madrasa, likizo zetu nyingi zilimalizikia katika banda la fundi mmoja wa pikipiki. Fundi yule hakuwa msemaji, lakini neno moja alikuwa akilikariri: katika pikipiki iliyozeeka, kinachokufa mwanzo ni kiungo, si kifaa. Alikusudia pale waya unapokutana na waya mwenzake, au unapokutana na chuma. Hapo ndipo maji na vumbi huingia, shaba ikafanya kutu ya kijani, na umeme ukapita kwa taabu. Pikipiki ya volti 6 huumia zaidi kuliko hizi mpya za volti 12. Globu ya wati 24 katika volti 6 huvuta ampea 4, na katika volti 12 huvuta ampea 2 tu. Kiungo kibovu kikiiba volti moja, pikipiki mpya imepoteza sehemu moja katika kumi na mbili, nayo ya zamani imepoteza moja katika sita. Na kwa kuwa mkondo wake ni maradufu, kiungo kilekile huiba zaidi. Kwa hiyo taa inayofifia si ushahidi wa kutosha dhidi ya betri.

Tena katika pikipiki nyingi ndogo za zama zile, umeme una njia mbili. Honi, indiketa na taa ya breki hula katika betri. Taa kubwa ya mbele na taa ndogo ya nyuma hula moja kwa moja katika jenereta iliyo ubavuni mwa injini, na ndiyo maana mwanga wake hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Taa hizi mbili ni kama ndugu wanaokula sinia moja: jenereta huleta chakula cha wawili, na mmoja akishindwa kula, fungu lake lote humwangukia mwenzake. Taa ya mbele ikikatika au ikivuta umeme mdogo kuliko stahiki yake, nguvu inayozidi huenda kwenye globu ndogo ya nyuma, nayo huungua.

Sasa zisomwe upya dalili za barua. Taa ya mbele imefifia, ya nyuma inaungua. Mafundi wameyafanya kuwa maradhi mawili, nasi twayaona ni moja. Jambo la kwanza la kutazama ni maandishi yaliyo kwenye kitako cha globu ya mbele. Maduka ya leo yamejaa globu za volti 12, kwa kuwa pikipiki za leo ni za volti 12, na mwenye duka humpa mteja iliyopo. Globu ya volti 12 ikitiwa katika pikipiki ya volti 6 itawaka, lakini kwa mwanga wa kahawia usioonyesha hata shimo la barabarani. Na kwa kuwa haivuti umeme wake kamili, ile ya nyuma italipa. Kulitazama hili hakuhitaji fundi, yatosha bisibisi na macho. Globu ikiwa si yake, itafutwe ya volti 6 yenye wati zilizoandikwa na mtengenezaji. Ikiwa ni yake, twendeni kwenye viungo.

Umeme hutoka na hurudi. Njia ya kurudia ni chuma chenyewe cha pikipiki, na waya unaoufikisha hapo mafundi huuita athi. Fremu ikipakwa rangi mpya ili ipendeze, rangi huingia baina ya waya na chuma, na njia ya kurudi hufungwa. Jaribio lake ni jepesi, na tunawaomba akina mama wasidhani ni la wanaume peke yao. Uchukuliwe waya mmoja mnene uliochubuliwa ncha zote mbili. Ncha moja ishikizwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, huku mtu mwingine akibonyeza honi. Honi iliyokuwa ikikoroma ikilia kwa nguvu, mwizi amepatikana: athi ndiyo mbovu, na tiba yake ni msasa na kukaza parafujo. Kwa taa ya mbele jaribio ni hilohilo, ila injini iwe inanguruma, na waya utoke kwenye athi ya taa uende kwenye injini. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe vioshwe kwa brashi kuukuu ya meno na maji ya moto yaliyotiwa magadi ya jikoni, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa barabara, kwa sababu magadi yakiingia ndani huiua.

Hapa pana mtego wa rangi. Katika Honda, athi ni waya wa kijani, na waya mweusi ndio unaobeba umeme baada ya ufunguo kufunguliwa. Katika Yamaha, mweusi ndio athi, na mwenye umeme ni wa kahawia. Suzuki wao wana mweusi wenye mstari mweupe kwa athi. Fundi aliyezoea Yamaha akiifungua Honda kwa mazoea, atafunga umeme juu ya chuma na kuunguza fyuzi. Na fundi wa umeme wa nyumba, ambaye katika nyumba zetu za zamani mweusi kwake si waya wa kuogopwa, naye atakosea hivyohivyo. Mama amwulize fundi swali moja tu kabla hajagusa: "Athi ya Honda ni rangi gani?" Jibu litamtosha kumjua.

Ama kuhusu kubadilisha nyaya zote, hatuoni dharura yake. Nyaya za kiwandani, ndani ya ala yake, aghalabu ni salama hata baada ya miaka thelathini. Kilichoharibika ni vile vilivyoongezwa njiani na mikono mingi: waya wa redio uliosahauliwa, vifundo vilivyosokotwa kwa vidole, tepu nyeusi ambayo joto la Makindu limeiyeyusha gundi na kuijaza vumbi jekundu. Hivyo ndivyo vya kuondoa. Kabla ya kufungua kitu, betri itolewe waya wa hasi, na kila pembe ipigwe picha kwa simu. Kila waya unaofunguliwa ufungwe kijitambaa chenye alama, kama mshonaji anavyotia alama kabla ya kukata kitambaa. Ifanywe njia moja baada ya nyingine: taa ya nyuma imalizwe na ijaribiwe ndipo honi iguswe. Anayefungua zote kwa pamoja asubuhi, adhuhuri humkuta amekaa mbele ya kapu la tambi. Viungo vipya vitiwe lehemu na kuvikwa mpira, na nyaya zipitishwe mbali na ekzosi.

Fyuzi nayo itazamwe. Tumewahi kuona mahali pake pametiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara (na sigara yenyewe tuna maneno nayo, siku nyingine). Karatasi ile haikatiki umeme unapozidi. Kinachokatika ni waya, au kinachowaka ni kiti, na tangi la petroli liko kando yake.

Kiungo cha mwisho kukaguliwa ni shingo ya usukani, kwa kuwa hapo nyaya hupindwa kila kona, na waya unaweza kukatika ndani ya ngozi yake bila ya kuonekana. Kijana awashe injini na taa jioni, pikipiki ikiwa imesimama uani, azungushe usukani polepole kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho, huku akikamata breki na kuachia. Mama asimame nyuma, umbali wa hatua ishirini. Taa ikipepesa upande mmoja, shingo ifunguliwe. Isipopepesa, na ile ya breki ikawaka kila inapokamatwa, kijana aweza kwenda Kibwezi na kurudi baada ya Isha, inshallah.