Onyo Litangulie Hukumu

Chuo kikuu kina haki ya kumwondoa mwanafunzi aliyeshindwa masomo, na makala haya hayakusudii kuipinga haki hiyo. Shahada ni dhamana ambayo chuo kinaiweka mbele ya umma. Kinatuambia kwamba huyu anaweza kukadiria mzigo utakaobebwa na daraja la mto, huyu anaweza kumtetea mtu mahakamani, huyu anaweza kusimama mbele ya watoto wetu akawafundisha hesabu na wakaelewa. Chuo kinachompitisha asiyejua kinawadhulumu wengi wasiowahi hata kufika kwenye geti lake. Basi kanuni kali ziwepo, na zishikwe. Ninachodai ni kwamba adhabu kubwa kuliko zote katika maisha ya mwanafunzi, yaani kuondolewa masomoni, au kudisko kama wasemavyo wenyewe mabwenini, isimfikie mtu ambaye chuo hakikumwambia kuwa yuko hatarini, ilhali ushahidi wa hatari hiyo ulikuwa mezani kwake kwa miezi kadhaa.

Tuutazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichosimama chenyewe tangu mwaka 1970 na ambacho taratibu zake zinafanana na za vyuo vingi nchini. Katika mfumo uliotumika hapo kwa miaka mingi, alama 70 na kuendelea ni A, yenye pointi 5. Kuanzia 60 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2, na hapo ndipo ulipo mpaka wa kufaulu. Alama 35 hadi 39 ni D, pointi 1, na chini ya hapo ni E, ambayo haina kitu. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa uzito wa kozi hiyo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa jumla ya uzito wa kozi zote; kinachopatikana ndicho GPA. Aliyefikisha 4.4 ana daraja la kwanza, 3.5 daraja la pili la juu, 2.7 daraja la pili la chini, na 2.0 ni pasi. Nafasi ndogo sana hapo huamua mambo makubwa. Anayetaka kuajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi wa ngazi ya kuanzia hutakiwa shahada ya kwanza yenye GPA ya 3.8, na milango mingi ya shahada ya uzamili hufunguka kuanzia 2.7. Lakini kanuni yenye makali kuliko zote iko chini kabisa: mwaka wa masomo ukiisha, mwenye GPA isiyofika 1.8 katika mitihani ya mara ya kwanza haruhusiwi hata kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio. Anafunga virago.

Ili kuiona kanuni hiyo inavyofanya kazi, tuwafikirie wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, kila mmoja akiwa na kozi kumi zenye uzito sawa. Wa kwanza amefaulu kozi nane, zote kwa C, na amepata E katika mbili. Ana pointi 16. Ukigawanya kwa kumi unapata 1.6. Huyo ameondoka. Wa pili amefaulu kozi sita, zote kwa B, na amepata E katika nne. Ana pointi 18. GPA yake ni 1.8 kamili. Huyu anabaki, anafanya sapu nne, na akizifaulu anapewa C katika kila moja, kwa kuwa sapu haivuki C hata ukipata 90. Aliyefeli mbili amerudi kwao, aliyefeli nne yuko darasani. Sisemi kwamba hesabu hiyo ina kosa. Wenye kuitetea wana hoja ya maana: aliyefaulu kila kitu kwa kugusagusa mpaka wa chini huenda hajashika chochote barabara, na mwenzake ameonyesha kwamba palipo na bidii uwezo upo. Ila nauliza, ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza wanaoijua hesabu hii mwezi wa pili wa masomo? Kijana aliyetoka kidato cha sita anajua kufaulu na kufeli. Anajua kwamba 40 ni kufaulu. Anaona C zake nane, anahesabu mbili alizoanguka, anajipangia kurudi likizo kufanya sapu, naye moyo wake umetulia. Hajui kwamba kila C aliyoiridhia ilikuwa inamsogeza kwenye ukingo, kwani C moja ina ziada ya pointi 0.2 tu juu ya 1.8, na E moja inakula C tisa.

Chuo, kwa upande wake, kinajua. Kinajua mapema, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni katika kozi weki, yaani majaribio na kazi za muhula, ambazo kwa kawaida hubeba alama 40 kati ya 100, mtihani wa mwisho ukibeba 60. Mwanafunzi mwenye alama 12 kati ya 40 anahitaji 28 kati ya 60 ili aguse C. Mwenye 28 anahitaji 12 tu. Kwa hiyo kabla mtihani haujafanyika, daftari la mhadhiri lilishaonyesha nani anapanda mlima na nani anatembea tambarare. Mara ya pili ni matokeo ya muhula wa kwanza. Hukumu ya 1.8 hutolewa kwa matokeo ya mwaka mzima, maana yake kati ya matokeo ya muhula wa kwanza na mitihani ya muhula wa pili kuna kipindi ambacho kila idara ina orodha ya majina ya walio chini ya mstari. Orodha hiyo inatumika kwa nini? Mara nyingi hupitishwa kwenye vikao, hubandikwa au huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, basi. Anayeweza kuokoka na anayezama wote wanasoma tarakimu zilezile, bila mtu wa kuwaeleza maana yake.

Nitajibiwa kwamba hawa ni watu wazima, kanuni zimeandikwa, kila mmoja alipewa kitabu chake siku ya usajili. Ni kweli, na wanafunzi nina neno nao hapo chini. Lakini mtu mzima katika ajira hupewa barua ya onyo kabla ya kufukuzwa kwa uzembe, ingawa naye alisaini mkataba uliokuwa na masharti yote. Kuandika kanuni ni jambo moja. Kumwambia mhusika kwamba kanuni hiyo sasa inamkaribia yeye ni jambo jingine. Marekani, ambako hakuna anayeweza kudai vyuo vyao vimeporomoka kwa huruma, desturi iliyoenea ni kwamba mwanafunzi aliyeshuka chini ya 2.0 katika mizani yao ya 4.0 huwekwa kwanza katika kipindi cha uangalizi, akapewa muhula wa kujirekebisha, na asipojirekebisha ndipo huondolewa.

Hoja nzito zaidi ni ya wahadhiri. Darasa la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mtu mmoja anasahihisha majaribio yote, anafundisha kozi nyingine, anasimamia tasnifu. Mzigo huo siubezi. Lakini onyo ninalolidai halihitaji alama mpya wala mtihani mpya. Alama zipo tayari. Linahitaji jaribio la wiki ya tano lisahihishwe na kurudishwa wiki ya saba, na siyo mkesha wa mtihani. Mhadhiri anayerudisha kozi weki wakati mwanafunzi yuko mlangoni mwa chumba cha mtihani amemnyima chombo pekee cha kujipima. Na fedha je? Wengi wa hawa wanasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anayeondolewa mwisho wa mwaka wa kwanza anaondoka na deni bila shahada ya kumsaidia kulilipa, na taifa limepoteza ada, posho na kiti ambacho mwingine angekikalia. Barua moja ya mwezi wa tatu ni rahisi kuliko hasara hiyo.

Nanyi wanafunzi, msijifiche nyuma ya makosa ya chuo. Kitabu cha kanuni kisomeni wiki ya kwanza, na kisomeni kwa kalamu: pigeni hesabu ya GPA yenu wenyewe kila jaribio linaporudi. Vipo vyuo vinavyomzuia kuingia kwenye mtihani asiyefikisha 16 kati ya 40 za kozi weki. Jua kama chako ni kimojawapo. Ukiugua kabla ya mtihani, nenda hospitali, chukua cheti, omba ruhusa ya kuahirisha, kwa sababu mtihani ulioahirishwa kwa kibali huhesabiwa kuwa wa mara ya kwanza na alama zake huandikwa kamili, hali sapu imefungiwa kwenye C. Wapo wanaojikokota na malaria hadi kwenye chumba cha mtihani kwa kuona aibu kuomba ruhusa, kisha wanakuja na cheti cha daktari baada ya matokeo kutoka. Cheti hicho hakitawasaidia. Na anayeficha matokeo mabaya asiyaseme kwa wazazi, kwa mshauri wa wanafunzi wala kwa rafiki aliyemzidi, akumbuke kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo ombi langu kwa seneti za vyuo vyetu ni dogo na linatekelezeka mwaka huu huu wa masomo. Mstari wa 1.8 ubaki palepale. Kozi weki zirudishwe wiki mbili kabla ya mitihani, na mkuu wa idara awajibike zisiporudi. Matokeo ya muhula wa kwanza yakishapitishwa, kila aliye chini ya mstari aitwe kwa jina, aketi na mhadhiri mmoja kwa nusu saa, wapige hesabu pamoja ya pointi anazohitaji muhula wa pili na kozi anazoweza kuzipatia, kisha asaini kwamba ameelezwa. Baada ya hapo, akishindwa, aondoke, na mtu yeyote asimlaumu aliyeisaini barua yake ya kuondoka.