Leseni nafuu, marekebisho ghali

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ndiyo imenipa mada ya leo.

Mwaka jana mteja mmoja hapa Nairobi aliniita. Kampuni yake ina watu 24 na hutumia chombo cha kusimamia miradi kinacholipiwa kwa mwezi, dola 8 kwa kila mtu. Jina la chombo nitaliweka mfukoni. Mteja alitaka mambo matatu tu: kila kazi iwe na mahali pa kuandika nambari ya LPO, kazi isifungwe mpaka mhasibu aidhinishe, na mwisho wa mwezi apate ripoti ya shilingi ngapi zimetumika kwa kila LPO.

"Si ni siku moja tu?" akaniuliza.

Nami nilidhani hivyo. Kumbe sehemu mpya za kujaza na utaratibu wa kuidhinisha havikuwa kwenye mpango wake. Ilibidi apande hadi mpango wa dola 14, na si mhasibu peke yake, wote 24. Ripoti nayo ilihitaji plagini ya dola 3 kwa kila mtu kwa mwezi. Ripoti ingesomwa na watu wawili, mhasibu na bosi, lakini plagini ililipiwa kwa vichwa vyote 24.

Haya, tupige hesabu. Nyongeza ya dola 6 mara watu 24 mara miezi 12 ni dola 1,728. Plagini ni dola 864. Jumla dola 2,592 kwa mwaka, juu ya zile alizokuwa akilipa tayari. Kwa dola ya shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 334,000. Na mnakumbuka Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160? Kwa bei hiyo, marekebisho yale yale yangegharimu karibu shilingi 415,000, bila mtu kuongeza hata kitufe kimoja. Wateja wake wanamlipa kwa shilingi. Leseni inataka dola.

Hoja yangu leo ni hii: bei ya kuingia si bei ya chombo. Bei ya chombo ni gharama ya kukibadilisha kifuate kazi yako. Ni kama nyumba ya kupanga. Kodi inaweza kuwa nafuu, lakini muulize kwanza mwenye nyumba kama unaruhusiwa kupiga msumari ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi waandishi wa programu tunalisahau: marekebisho yana umri wa leseni. Chukua mfano wa Jira. Kwa miaka mingi Atlassian iliuza leseni ya Jira ya kuweka kwenye seva yako mwenyewe, na timu ya watu 10 ililipa dola 10 tu. Wengi waliandika plagini zao kwa Java, zikafanya kazi ndani ya seva hiyo. Kisha kampuni ikabadilisha mwelekeo. Tarehe 2 Februari 2021 iliacha kuuza leseni mpya za seva, na tarehe 15 Februari 2024 msaada wake ukakoma. Plagini zile za Java hazihamii kwenye wingu jinsi zilivyo. Zinaandikwa upya kwa njia nyingine. Kampuni ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, bidhaa ni yake. Lakini yule aliyetumia miezi kurekebisha alijikuta akilipia kazi ile ile mara ya pili.

Nilimfanyia nini mteja wangu? Nilimwekea Redmine. Ni programu huria, imekuwepo tangu 2006, na leseni yake ni GPL toleo la 2. Unaweza kuibadilisha kwa matumizi ya ofisi yako bila kumlipa wala kumwomba ruhusa mtu yeyote. Ukimgawia mtu mwingine programu uliyoibadilisha, hapo ndipo unapaswa kumpa na msimbo wake. Nambari ya LPO na idhini ya mhasibu sikuziandikia hata mstari mmoja, zinawekwa kwenye mipangilio. Ripoti ndiyo niliyoiandikia plagini, siku tatu.

Najua mtasema kila mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hivyo naweka hesabu yangu mezani. Nilimtoza shilingi 90,000, pamoja na 10,000 kila mwezi za kuitunza. Seva ni dola 20 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ni kama shilingi 241,000, na ada ya zamani ya dola 8 kwa kila mtu ikaisha kabisa.

Je, programu huria ni bure? Hapana. Toleo jipya likija, plagini ya zamani inaweza kugoma, na lazima awepo fundi wa kuirekebisha. Nakala za akiba ni jukumu lako. Sura ya Redmine nayo si ya kuvutia macho. Pia soma vizuri: OpenProject, ambayo asili yake ni Redmine, ina toleo la bure chini ya GPL, lakini baadhi ya vipengele vyake viko kwenye toleo la kulipia. Na kama timu yenu ni watu watano wasiotaka kubadilisha chochote, lipieni huduma ya wingu au mtumie mpango wa bure, mlale usingizi.

Ila kabla ya kutia sahihi, uliza maswali manne. Kuongeza sehemu moja ya kujaza ni mpango gani? Plagini inalipiwa kwa wanaoitumia au kwa wote? Nikiondoka, naondoka na data yangu katika muundo gani? Na leseni ikikoma, marekebisho yangu yatabaki na nani?

Yule mteja hakuwa ameuliza hata moja. Mimi pia, siku ile ya kwanza, sikuwa nimeuliza.